Impreza iliyoongezwa nguvu, kutoka Dar hadi Matema: pesa iende wapi kwanza?

Swali: Shikamoo fundi. Sisi ni marafiki wanne wa Tabata. Tuna Subaru Impreza WRX mbili, Mitsubishi Lancer Evolution moja na Toyota Altezza RS200. Impreza yangu ni ya 2003, ina eksozi ya wazi, springi za kushusha, filta ya hewa ya wazi, na presha ya tabo (ile pampu inayosukuma hewa ndani ya injini) imepandishwa mpaka bar 1.3. Agosti tunataka kwenda Mbeya, Tukuyu mpaka Matema kwenye Ziwa Nyasa na kurudi, siku tano. Kila mmoja ametenga pesa kidogo ya kuandaa gari. Wenzangu wanasema tuweke intakula kubwa (kile kipoozea hewa ya tabo) na kuongeza nguvu kwa ajili ya mlima wa Kitonga. Wewe unashaurije? Na je, Dar hadi Mbeya kwa siku moja inawezekana?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Umefanya vizuri kuuliza mapema, maana wengi hunipigia simu gari likiwa tayari limepakiwa kwenye bredauni.

Usiongeze nguvu hata kidogo. Punguza. Pesa mliyotenga iende kwenye breki, kisha kwenye upoozaji na oili, kisha kwenye tairi. Ikibaki, nunueni mafuta. Impreza WRX ya 2003, ikiwa kama ilivyotoka kiwandani, inapanda Kitonga na watu wanne na mabegi yao bila shida yoyote. Gari la milimani halishindwi kwa kukosa nguvu. Linashindwa kwa kukosa mahali pa kupeleka joto, na karibu kila kitu mlichokifanya kwenye magari yenu kimeongeza joto au kimepunguza njia ya kulitoa. Ukilishika hilo, mengine yote nitakayokuandikia utayaelewa.

Tuanze na njia yenyewe. Kutoka Dar hadi Morogoro hakuna mlima wa kukusumbua. Mkivuka Mikumi mnashuka na kupinda hadi bonde la Ruaha Mbuyuni, kwenye mibuyu na vitunguu, mahali penye joto kali hata Agosti. Hapo mko kama mita 500 tu juu ya usawa wa bahari. Halafu ghafla barabara inaanza kupanda Kitonga, kwenye milima ya Udzungwa, na mkitokea juu upande wa Ilula hewa imeshabadilika. Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500, na Mafinga ni juu zaidi. Baada ya Makambako barabara inashuka hadi uwanda wa Usangu, pale Igawa na Chimala, kisha inapanda tena Mlima Inyala hadi Uyole, mlangoni mwa Mbeya. Hapo mkikata kushoto kwenda Tukuyu mtapanda tena hadi zaidi ya mita 2,000 pale Isyonje, na kutoka hapo ni kushuka, kushuka, kushuka, hadi Kyela na Ziwa Nyasa, ambalo liko chini ya mita 500. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya mita 1,500 kwa chini ya kilomita 100. Vijana wengi wanaiogopa Kitonga na kuisahau hii ya pili.

Sasa Kitonga kwa upande wa kupanda. Mtafika pale saa za mchana, joto la Ruaha Mbuyuni likiwa bado ndani ya boneti, na mbele yenu kutakuwa na msururu wa malori ya Zambia na Kongo yanayotambaa kwa mwendo wa mtu anayekimbia. Impreza yako ina intakula juu ya injini, inapozwa na upepo unaoingia kwenye ule mdomo wa boneti. Gari likienda kilomita 15 kwa saa nyuma ya lori, upepo huo haupo. Joto la injini na la tabo linapanda moja kwa moja hadi kwenye intakula, nayo inageuka kuwa jiko. Kisha lori linakupa nafasi, unakanyaga mafuta mpaka mwisho. Tabo inasukuma hewa yenye joto la zaidi ya nyuzi 100 kupitia intakula ambayo nayo inawaka. Hapo ndipo petroli inalipuka ndani ya silinda kabla ya wakati wake, unasikia kama changarawe ndani ya kopo, na pistoni inaanza kupasuka kwenye sehemu nyembamba iliyo kati ya ringi na ringi. Injini nyingi za EJ20, aina iliyo kwenye Impreza yako, ambazo nimezifungua zilikufa namna hiyo: si kwa mwendo mkali wa muda mrefu, bali kwa sekunde kumi za kukanyaga baada ya dakika kumi za kutambaa.

Kwa hiyo nafasi ikipatikana, panda taratibu kwanza. Acha upepo upite mita mia kadhaa, ndipo uongeze mwendo. Na kama nafasi ni fupi kiasi kwamba huwezi kuipita lori bila kukanyaga mpaka mwisho, basi hiyo haikuwa nafasi. Upande mmoja wa barabara ile ni ukuta wa mwamba, upande wa pili ni korongo.

Kuhusu hizo bar 1.3. Gari lako liliundwa Japani kwa petroli ya Japani ya daraja la juu, yenye oktani (kipimo cha petroli kuvumilia mgandamizo bila kulipuka mapema) kati ya 98 na 100. Petroli tunayojaza hapa kwetu haifiki huko. Kwa hiyo hata presha ya kiwandani ilikuwa tayari inakaa karibu na ukingo, nawe ukaisukuma mbele zaidi. Mjini hujaona madhara kwa sababu unakanyaga kidogo, unafika kwenye taa, unasimama. Mlimani unakanyaga dakika nzima.

Kuna jambo lingine ambalo wenye tabo huliamini kimakosa, kwamba urefu wa mlima hauwahusu. Unawahusu. Usawa wa bahari, hewa yenyewe ina presha ya karibu bar 1. Ukiongeza bar 1 ya tabo, injini inapata jumla ya bar 2, yaani tabo imeikandamiza hewa mara mbili. Ukifika mita 2,000, hewa ya nje ni karibu bar 0.8. Kompyuta ya gari ikitaka injini ipate zile zile bar 2, tabo lazima ikandamize hewa mara mbili na nusu. Inazunguka kwa kasi kubwa zaidi, na hewa inayotoka ni ya moto zaidi, kwa nguvu ile ile. Wewe unayetaka bar 1.3 kule Isyonje unaidai tabo kazi ambayo haikuundwa kuifanya. Irudishe kwenye presha ya kiwandani, na programu ya kompyuta irudishwe nayo. Usipunguze presha huku umeacha programu ya bar 1.3 inayosubiri hewa nyingine. Kama fundi aliyekuwekea alitumia kile kibomba cha kupandisha presha kwa kuzungusha kwa mkono, kitoe kabisa.

Jihadhari pia na eksozi yako ya wazi. Kwenye injini hizi, eksozi ikifunguliwa sana, kilango kinachopunguza moshi unaoingia kwenye tabo huwa kidogo mno, hakitoshi, na presha inapanda yenyewe kupita ile uliyoipanga, hasa kukiwa na baridi. Asubuhi ya Agosti pale Mafinga au Makambako ni baridi kweli kweli, vidole vinauma. Gari ambalo Tabata halizidi bar 1.0 linaweza kukuonyesha 1.2 pale bila wewe kugusa chochote. Weka geji ya tabo mahali unapoiona, na ikizidi, toa mguu. Ile filta ya wazi nayo inanyonya hewa ya moto ya ndani ya boneti. Rudisha boksi la asili na filta mpya. Na kivalvu kinachopiga mluzi unapobadili gia kirudishe kwenye mfumo wake uliofungwa, kwa sababu injini yako ilishapima ile hewa unayoimwaga nje, ikaandaa petroli yake, na sasa petroli inabaki bila hewa na kuchafua plagi.

Altezza ya mwenzenu haina tabo, kwa hiyo yeye shida yake ni nyepesi: Iringa atakuwa amepoteza karibu asilimia 15 ya nguvu zake kwa sababu hewa ni nyepesi, basi. Ana gia sita, azitumie. Asikae gia ya tano akikanyaga hadi chini huku injini inanung'unika.

Nakuja kwenye breki, na hapa naomba usome taratibu.

Gari la kilo 1,500 likishuka mita 800, nishati inayopaswa kwenda mahali fulani ni sawa na kulisimamisha kabisa kutoka kilomita 100 kwa saa mara ishirini. Sehemu yake inachukuliwa na upepo na msuguano wa tairi, sehemu inaweza kuchukuliwa na injini ukiiruhusu. Inayobaki yote inaingia kwenye diski nne za chuma. Ukiongeza watu na mabegi, hesabu inapanda. Na ukishuka kwa kuburuza mguu juu ya breki muda wote, diski hazipati hata sekunde ya kupoa.

Mwaka 2014 nilikuwa natoka Njombe na Impreza yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeweka diski mpya zenye mistari na pedi za bei ghali, nikajiona niko tayari. Oili ya breki sikuigusa, kwa sababu ilionekana safi. Katikati ya mteremko wa Kitonga nikasikia harufu kama ya klachi iliyoungua, nikadhani ni lori la mbele. Kona iliyofuata nikakanyaga breki, pedali ikaenda hadi kwenye zulia. Hakuna kitu. Nilipiga pedali haraka haraka mara tatu nne ikapanda kidogo, nikashusha gia hadi ya pili, injini ikalia, nikavuta handibreki kwa vipimo, na nikaliingiza gari kwenye mtaro wa upande wa mwamba. Mke wangu alikuwa kiti cha mbele. Tangu siku hiyo hakuna gari linalotoka kwangu kwenda Nyanda za Juu bila kubadilishwa oili ya breki, hata mwenyewe akigoma kulipa.

Kilichotokea ni hiki. Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya Dar ina unyevu mwingi mwaka mzima. Oili ya DOT 3 ikiwa mpya huchemka kwa nyuzi 205, lakini ikishanyonya maji kiwango chake kinashuka hadi nyuzi 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa imezeeka. DOT 5.1 ni 260 na 180. Ikichemka inatoa mapovu ya mvuke, na mvuke unabonyea, kwa hiyo unakanyaga mvuke badala ya kukanyaga pistoni za breki. Baada ya dakika ishirini ukipoa pedali inarudi kama kawaida, ndiyo maana watu husema "gari lilipata shetani tu." Nunua DOT 5.1, au DOT 4 nzuri kutoka duka unaloliamini, kopo lisilofunguliwa, na toeni yote ya zamani magurudumu yote manne. Usinunue DOT 5 yenyewe. Jina linafanana lakini ni kitu kingine kabisa, haichanganyiki na hizi. Klachi ya Impreza inatumia oili hiyo hiyo, kwa hiyo ibadilishwe kwa pamoja.

Pedi zibadilishwe kama zimefika nusu, na zikiwa mpya zisiingie safarini bila kulainishwa. Tafuteni barabara tupu alfajiri, mkimbie hadi 80 mshuke hadi 20 kwa breki ya wastani, bila kusimama kabisa, mara nane au kumi, kisha mwende bila kugusa breki mpaka zipoe. Diski zilizotobolewa matundu ya urembo ziangalieni kama zina nyufa kati ya tundu na tundu. Zikiwa nazo, hata ndogo kama unywele, zitolewe.

Namna ya kushuka: chagua gia kabla ya mteremko, si ndani yake. Ya tatu, na kona kali ya pili. Acha injini ishike gari. Mwendo ukizidi, kanyaga breki kwa uthabiti kwa sekunde chache ushuke chini ya mwendo unaotaka, kisha uiachie kabisa. Kanyaga, achia. Msiwe kama wale wanaoweka nyutro kwenye mteremko wakidhani wanaokoa mafuta. Injini ya sindano za petroli ikiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye pedali hukata mafuta kabisa. Kwenye nyutro inaendelea kunywa ili isizime. Unatumia mafuta zaidi, na umejinyima breki ya injini.

Upoozaji na oili nitavipitia haraka maana havina mjadala. Mfuniko wa rejeta ukiwa umechoka, maji yanachemka mapema, na mlimani yanachemka mapema zaidi kwa sababu hewa ya nje imepungua. Ubadilishe, ni kitu cha bei ndogo. Wekeni kuleti (maji maalumu ya rejeta), si maji ya bomba. Feni zote mbili zijaribiwe zikiwaka. Oili ya injini mpya, nzuri, 5W-40 inatosha, na kila mnapojaza petroli kila mmoja avute kijiti cha oili gari likiwa mahali tambarare. Injini hizi za Subaru, zenye silinda zilizolala ubavu, hula oili zikifanyishwa kazi, na kona ndefu ya mlimani oili ikiwa pungufu beringi za konrodi zinakosa oili kwa sekunde moja, na sekunde moja inatosha. Bebeni lita mbili za akiba kwa kila gari.

Mkanda wa taimingi: kama hujui ulibadilishwa lini, hesabu haujawahi kubadilishwa. Ukikatika kwenye EJ20 yako, valvu na pistoni zinakutana. Ubadilishe pamoja na pampu ya maji na vile viroli vinavyouelekeza. Mwenye Evolution, kama si ile ya X, ana mikanda miwili, mkubwa na mdogo wa kuzuia mtetemo. Ule mdogo ukikatika vipande vyake huingia kwenye mkubwa, na hadithi inaisha pale pale. Abadilishe yote miwili.

Na mkifika juu ya Kitonga, najua mtataka kusimama kupiga picha. Simameni, lakini kilomita ya mwisho mwende taratibu, na injini iachwe ikinguruma dakika moja kabla ya kuzima. Oili iliyobaki ndani ya tabo iliyowaka inaungua na kuwa masizi.

Springi zako za kushusha zinanipa wasiwasi kuliko eksozi. Barabara ile ina matuta ya kila aina, ina rasta zinazokuja mfululizo kila kijiji, na ina sehemu ambazo malori yamekanda lami mpaka ikawa na matuta marefu kama ya shamba la viazi, hasa kwenye milima yanakopanda kwa uzito. Gari lililoshushwa likibeba watu wanne na mabegi, shokapu inabaki na nafasi ndogo mno ya kufanya kazi. Kila shimo linagonga kwenye mpira wa mwisho, na kwenye kona tairi linaruka badala ya kushika. Chini ya injini yako kuna mabomba ya eksozi na sampo (bakuli la oili). Tuta moja la ghafla pale kijijini, umemwaga oili.

Wakati wa Safari Rally ya Kenya, Subaru hiyo hiyo unayoipenda ilishinda mwaka 1997 ikiendeshwa na Colin McRae. Magari ya mashindano yale yaliinuliwa juu, yakafungwa chuma mbele kwa ajili ya mifugo na wanyama, yakaimarishwa kila mahali. Waliobadilisha magari kwa ajili ya barabara zetu, wakiwa na mafundi bora duniani, waliyapandisha. Kama springi zako za asili bado ziko kwenye kona ya gereji, zirudishe kwa siku hizi tano. Kama uliziuza, basi safiri na watu wawili tu, na mabegi yapande kwenye gari jingine.

Tairi angalieni tarehe yake. Ubavuni kuna tarakimu nne mwishoni mwa mstari unaoanza na neno DOT (hii haihusiani na ile ya oili): 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na meno mazuri lakini mpira umekauka, na tairi kavu kwenye ukungu wa Rungwe, upande wa Tukuyu, ni sabuni. Gari lililoshushwa bila kufanyiwa wili alaimenti hula tairi upande wa ndani, kwa hiyo ingizeni mkono mguse ndani, msiangalie nje tu. Upepo pimeni asubuhi tairi likiwa baridi, na msiupunguze mchana likiwa moto eti umezidi. Ukifika mita 2,000 geji itasoma juu kidogo kwa sababu hewa ya nje imepungua presha, lakini baridi nayo inaishusha. Mara nyingi hivyo viwili vinafidiana. Achana nayo.

Kuhusu kwenda kwa msafara: gari dhaifu litangulie, na hapo ni Altezza. Mkimtanguliza mwenye Evolution, wa nyuma atakuwa anamkimbilia siku nzima, atapita malori mahali asipopaswa kupita. Kila mmoja aangalie wa nyuma yake kwenye kioo. Asipomwona, apunguze mwendo. Acheni nafasi kubwa ya kutosha lori au basi kuingia katikati yenu, maana wanaopita msafara mrefu ulioshikana hukosa pa kurudi. Dereva wa lori akikuwashia indiketa ya kushoto kukuambia upite, mshukuru, lakini macho ni yako. Yeye haoni unavyoona, na mwingine alikuwa anataka kuegesha tu. Na mnapopanda, msisimame kamwe upande wa nje wa kona. Lori linaloshuka breki zikiwa zimeisha haliwezi kuchagua pa kwenda.

Mashindano kati yenu yafanyike kwenye viwanja. Barabara ile ina watoto wa shule, ina bodaboda zisizo na taa, ina ng'ombe. Nimewahi kuitwa kukagua gari la kijana wa umri wako baada ya ajali kwenye njia hii. Mama yake ndiye aliyeniita, alitaka kujua kama breki zilifanya kazi. Zilikuwa zinafanya kazi. Sikujua nimweleze nini.

Swali lako la siku moja. Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Kila kijiji kina kibao cha 50 na trafiki wenye tochi, na ndani ya hifadhi ya Mikumi mna kama kilomita 50 za kwenda taratibu kwa sababu ya twiga na tembo, ambao ukimgonga mmoja, faini ni kubwa, kama utakuwa hai kuilipa. Ukifanya wastani wa 60 umefanya vizuri. Hiyo ni saa kumi na nne, na maana yake Inyala mtaipita usiku. Mlima Inyala na mteremko wake ni mahali pa kupita kwa mwanga wa jua. Laleni Iringa siku ya kwanza. Siku ya pili ni Mbeya, mtafika alasiri. Siku ya tatu shukeni Tukuyu hadi Matema, mlale huko. Siku ya nne mrudi hadi Makambako au Mafinga. Siku ya tano nyumbani. Ukungu ukishuka Isyonje, washeni taa za chini, si za juu, na msiwashe hazadi mkiwa mnatembea, kwa sababu wa nyuma hataona indiketa yako.

Mtaona vibao vya njia nyingine zenye sifa. Ile ya Chimala kwenda Matamba, wenyewe wanaiita Hamsini na Saba kwa idadi ya kona zake, ni nzuri kuliko zote kwa macho. Ni ya vumbi na mawe. Nendeni siku nyingine, na gari jingine.

Pigeni simu kampuni ya bima kabla ya kuondoka, muwaambie kwa maandishi gari limebadilishwa nini. Bima kubwa ambayo haijui habari ya tabo na springi inaweza kukataa kulipa, na sheria inaweza kuwa upande wao.

Mwisho nataka uikumbuke siku ya tano. Kwenda mnapanda Kitonga. Kurudi ndipo mnaishuka. Mtafika pale mmechoka, nyumbani kumekaribia, na breki zenu zilishachemshwa siku ya tatu kwenye mteremko wa kwenda Kyela. Kwa hiyo asubuhi ile, mahali mtakapokuwa mmelala, fungueni boneti mwangalie kiwango cha oili ya breki, kila dereva akanyage pedali kwa nguvu na kuishikilia hadi ahesabu ishirini. Ikizama hata kidogo, gari hilo halishuki. Tafuteni fundi Iringa. Pale Ilula simameni, mnywe chai, mpumzike nusu saa. Kisha gia ya tatu, Altezza mbele, kanyaga, achia.

Mkifika chini Ruaha Mbuyuni egesheni, lakini msivute handibreki wala msiendelee kukanyaga pedali, diski zikiwa zinawaka. Weka gia, weka jiwe nyuma ya tairi. Sogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa. Kama ya mbele kushoto na ya mbele kulia zina joto sawa, mmeshuka vizuri. Kama moja inawaka na nyingine imepoa, kuna pistoni ya breki iliyokwama, na hilo nipigie, nitakuelekeza la kufanya hapo hapo mpaka mfike Morogoro. Wakati zinapoa, nunueni vitunguu vya kuwapelekea mama zenu. Hapo ni bei nafuu kuliko Kariakoo.